Hatujui ya Nani?

Wiki mbili baada ya kumzika mama mkubwa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, dada yangu alinimiminia chai jikoni kwake na kuniuliza swali nililokuwa nikilikwepa tangu msibani. Bibi alikufa kwa saratani ya umio. Sasa na mama yake pia, ambaye miezi ya mwisho hakuweza kumeza hata uji mwepesi.

"Mdogo wangu, wewe ndiye unayeshinda kwenye kompyuta na mambo haya. Ni ya ukoo? Na mimi ninayo?"

Nikamjibu, "Dada, hatujui."

Akaweka birika chini. "Hamjui ninyi wasomi, au hakuna anayejua?"

Nilikunywa chai kimya. Swali lake limenikalia kichwani mwaka mzima, kwa sababu "hatujui" ni neno ninaloliandika karibu kila jioni, na sikuwahi kujiuliza ni nani yumo ndani ya hiyo "sisi".

Nikitoka kazini huwa najitolea kwenye CIViC, hazina ya mtandaoni ya maarifa kuhusu mabadiliko ya jeni katika saratani, iliyoanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani. Kuisoma ni bure, na mtu yeyote aliye tayari kujifunza anaweza kuchangia. Unasoma makala ya utafiti iliyochapishwa, unaeleza kwa maneno yako badiliko fulani la jeni linahusianaje na saratani fulani, kisha unaupa ushahidi huo ngazi: A kwa uliothibitika, mpaka E kwa ule wa kukisia. Ulichoandika hakipokelewi mpaka mhariri akipitie, na mhariri mwenyewe hawezi kuidhinisha kazi aliyoiandika. Silipwi. Huwa nawaambia wanaonishangaa kwamba ni msaragambo, kama ule wa kuzibua mifereji ya maji ya mlimani: unachimba kipande chako, na wa chini yako anategemea kwamba hukudanganya kina.

Usiku ule nilirudi Sakina nikiwa na hasira, nikafungua kompyuta kumtafutia dada jibu. Nikafika kwenye jeni iitwayo RHBDF2. Mwaka 2012 watafiti walieleza kwamba mabadiliko fulani ya jeni hiyo ndiyo chanzo cha tailosisi, ugonjwa adimu wa kurithi uliojulikana katika familia chache. Ngozi ya viganja na nyayo huwa nene, na wenye ugonjwa huo wana hatari kubwa sana ya kupata saratani ya umio.

Ngozi nene ya viganja. Nikakumbuka mikono ya mama mkubwa, migumu kama gome, na moyo ukanienda mbio. Nikaandika maelezo yangu. Tailosisi sikuitaja. Niliandika tu kwamba mabadiliko ya jeni hiyo huongeza hatari ya saratani ya umio, kana kwamba yanahusu ukoo wowote, pamoja na wetu.

Siku chache baadaye mhariri, mtu nisiyemjua wa bara jingine, alinirudishia kazi yangu na swali fupi: makala inazungumzia familia zenye tailosisi, hawa wengine umewatoa wapi?

Nilikuwa nimewatoa jikoni kwa dada. Na nilijua zaidi ya hapo. Hospitalini nilimshika mama mkubwa mkono. Miezi ilikuwa imepita bila yeye kushika jembe, na kiganja kilikuwa kimelainika kama cha mtoto. Ugumu ule ulikuwa wa kulima. Niliujua ukweli huo kwa vidole vyangu mwenyewe, na bado nilitaka kuuandika uongo, kwa upendo.

Hapo ndipo penye swali langu la maadili. Kuna wanaosema mgonjwa au mfiwa anahitaji kitu cha kushika, hata kama si kamili. Nawaelewa. Lakini maneno yangu yasingeishia kwa dada. Daktari asiyetujua, popote duniani, angeweza kuyasoma na kumtisha mtu asiyehusika, au kumtuliza anayepaswa kuhangaika.

Hata hivyo, dada naye alikuwa na haki. Nadhani ziko "hatujui" tatu, na kuzichanganya ni aina ya uongo. Ya kwanza: mimi sijasoma. Hiyo ni uvivu wangu. Ya pili: hakuna aliyetazama. Hii hatuigawani sawasawa duniani. Watu wenye asili ya Afrika wana tofauti nyingi zaidi za kijeni kuliko watu wengine wote, lakini hazina hizi zimejazwa zaidi na damu ya wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana Mwafrika anayepimwa huambiwa mara nyingi zaidi kwamba badiliko lake halijulikani maana. Kusema "hatujui" hapo bila kusema kwa nini ni kuficha deni. Ya tatu: wametazama, hawajaona. Hiyo ni kazi iliyofanyika.

Nilipokwenda tena kwa dada, nilimpa "hatujui" yenye maelezo. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi iliyosoma jenomu za saratani ya umio za wagonjwa 552 kutoka nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwemo. Karibu uvimbe wote ulikuwa na jeni ya TP53 iliyoharibika, lakini hilo kwa kawaida ni badiliko linalotokea ndani ya uvimbe wenyewe, si la kurithiwa. Walitafuta alama ya kueleza kwa nini ugonjwa huu ni mwingi mahali kama kwetu, hawakuiona. Vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vimetajwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, tangu 2016, kuwa huenda vinachangia. Nikamwambia pia kwamba chakula kikianza kukwama kooni, asisubiri hata wiki mbili, aende hospitali na aieleze historia ya mama na bibi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wametazama."

"Wametazama, dada. Wanaendelea."

"Na watu wa huku wamo kati ya hao mia tano?"

"Watanzania wamo."

Akafunika vikombe vyote viwili kwa visahani, akasema tungoje chai ipoe.

Maelezo yangu ya RHBDF2 niliyaandika upya usiku huo. Tailosisi imo, kwenye sentensi ya kwanza.