Jeraha Si Dhambi

Wasomaji wetu, wengi kati yetu tumezoea kusema kwamba aliyesamehe amesahau. Je, ni kweli? Na asiyeweza kusahau, tumhesabu kuwa hajasamehe?

Hapa Likasi swali hilo si la kuchezea. Mwezi wa Agosti 1992 Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, alichaguliwa huko Kinshasa kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Ugomvi wa wakubwa ukashuka mpaka katika mitaa yetu. Watu wa asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa papa hapa, mafundi na makarani wa Gécamines, walimu wa watoto wetu, walifukuzwa katika nyumba zao. Makumi ya maelfu walilala mashuleni na stesheni, wakingoja gari la moshi la kuwapeleka Kasai kwa njia ya Kamina. Wengine walingoja miezi. Wako waliokufa wakingoja, hasa watoto, na wako waliokufa njiani.

Twamjua mtu mmoja aliyekuwa mtoto wa miaka minane stesheni ile. Alirudi Likasi akiwa mtu mzima, akaoa. Ni mtu wa kazi, pombe hanywi. Lakini gari likipiga filimbi usiku, huamka jasho likimtoka, na kesho yake neno dogo lamtia hasira kubwa mno: chumvi imezidi, mtoto amechelewa. Kila mara aliungama hasira yake, na padri akamwondolea. Wiki mbili, tatu, hasira imerudi. Mwisho alijiona kuwa mtu mbaya asiye na dawa.

Katika kitubio mtu husema aliyoyatenda. Aliyotendewa hayamo katika hesabu ile, kwani jeraha si dhambi. Basi dhambi aliondolewa kweli, ila juu ya jeraha hakuna aliyemwuliza.

Madaktari wanaotibu majeraha ya moyo siku hizi wamebadili swali. Hawaulizi, "Una ubaya gani?" Huuliza, "Ulipatwa na nini?" Mwili una kumbukumbu yake: sauti au harufu ya siku ile yatosha kuushtua, kabla akili haijapata kusema kuwa hatari imepita. Kwa hiyo kumwambia mtu "sahau" ni kazi bure. Judith Herman, daktari wa Marekani, aliandika katika kitabu chake cha mwaka ule ule wa 1992 kuwa kwanza mtu awe salama, kisha akumbuke na kuomboleza, halafu ajiunge tena na watu. Huko Bukavu nako, hospitali ya Panzi ya daktari Mukwege haiponyi mwili tu wa wanawake waliodhulumiwa. Huwapa pia watu wa kusikiliza moyo wao. Kwetu sisi kuomboleza si jambo geni: ndiyo matanga. Lakini waliokufa kwenye reli, nani aliwakalia matanga?

Hata hivyo tuangalie. Mtu aweza kulishika jeraha lake kama hati ya ruhusa. Mke wake hakuwako stesheni. Kwa nini alipe yeye deni hilo? Jeraha laeleza hasira, haliihalalishi. Aliyeumizwa pasipo kosa lake bado ana wajibu wa kutafuta dawa. Ni neno gumu, laonekana hata kama ukatili, lakini tukimwondolea wajibu huo twamfanya kuwa kama mtoto asiyejiongoza.

Tena yuko mwingine, jirani aliyefunga dirisha siku zile. Huyo naye halali vizuri. Ila yeye analo la kuungama, na dawa zao hawa wawili tusizichanganye.

Mtu wetu hakwenda kwa daktari. Wa namna hiyo ni wachache huku. Alianza kwa kumsimulia mke wake, kidogo kidogo. Jumapili moja walikwenda wote wawili stesheni, akamwonyesha mahali mama yake alipotandika mkeka, na mahali mdogo wake alipolala mara ya mwisho. Filimbi yamwamsha bado. Siku hizi mke huamka naye.