Kaburi Lisilo na Mwenyewe

Wasomaji wetu wakaao pwani, tangu Kunduchi hata Saadani, hawahitaji kuelezwa sana juu ya jambo hili. Wameona wenyewe, au wamesikia kwa jirani, habari za wageni wawili watatu wafikao asubuhi na mapema, wamechukua chombo chenye mpini mrefu, na chini yake duara kama sahani. Ni mashine ya kutambua madini. Wachimbaji wa dhahabu huiita ditekta. Huipitisha polepole juu ya nchi, wakitega sikio, na ikilia huinama wakafukua. Mwenye shamba akiuliza, "Wanangu, mwafanya nini hapo?" hujibiwa, "Twapima tu, babu." Pengine mzee hunyamaza, maana mgeni njoo, mwenyeji apone, nani ajuaye kama hawatamwachia chochote? Lakini wapimacho si shamba lake. Wanatafuta karibu na magofu, na katika pwani hii penye gofu hapakosi kaburi.

Swali letu leo ni hili: Je, ni halali kutafuta mali mahali walipolala wafu, hasa wafu ambao hakuna tena aliye hai awezaye kusema, "Huyu ni babu yangu"?

Kwanza tuitazame mali yenyewe. Mara nyingi itafutwayo ni ile iitwayo mali ya Mjerumani. Yasemwa kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia rupia na dhahabu chini ya miti, chini ya nguzo za mawe, hata ndani ya makaburi ya wenzao, wakaweka alama ili warudi. Uvumi huu haukuzuka bure. Rupia za Kijerumani zilianza kupigwa mwaka 1890, na si ajabu mtu kuokota moja akilima. Tena ni kweli kwamba dhahabu ilikuwapo: mwaka 1916, vita ilipowabana, walipiga huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, yapata 16,000. Lakini mtu na afikiri kidogo. Sarafu hizo zilipigwa bara. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani tangu mwaka 1915, na Bagamoyo yenyewe ilitekwa Agosti 1916. Ni nani angeitoa dhahabu Tabora, akaileta mpaka pwani mbele ya mizinga ya adui, apate kuifukia? Twasikitika kuona vijana wenye akili wakiuza mbuzi ili wakodi mashine kwa ajili ya hadithi isiyoweza kusimama mbele ya swali moja la mtoto wa shule.

Na mashine nayo yasifiwa kupita uwezo wake. Hutuma nguvu ya sumaku ardhini, na madini yakiwapo hujibu, basi. Haijui rupia wala msumari. Iliyo bora hukisia tu. Sarafu moja iliyozama zaidi ya shubiri, au kidogo kuzidi, kwa kawaida haisikiki. Juu ya mchanga uliolowa maji ya chumvi hulia ovyo. Kaburi, kwa upande wake, huchimbwa hata kiunoni au kifuani mwa mtu. Kwa hiyo mtu asimamaye juu ya kaburi, na mashine inalia, hasikii kilicho kaburini. Asikia kifuniko cha chupa, au kipande cha bati kilicholetwa na mvua. Ili asikie zaidi hana budi kuondoa udongo. Na akiisha kuondoa udongo wa kutosha, amekwisha kuvunja kaburi, apate asipate.

Angepata nini? Twende Kaole, mwendo mfupi kusini ya Bagamoyo, kwenye magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale kama ishirini na mawili. Wataalamu waliopachunguza, akiwamo Neville Chittick aliyechimba hapo mwaka 1958, walituonyesha kwamba ulikuwa mji wa Waislamu wenye biashara ya ng'ambo. Sasa, kila mtu wa pwani ajua jinsi Mwislamu azikwavyo: huoshwa, huvikwa sanda nyeupe, hulazwa kwa ubavu akielekea kibla. Tajiri na maskini ni sawa. Hawekewi dhahabu wala fedha. Uzuri wote uliwekwa nje, juu ya nguzo za makaburi, ambamo yalipachikwa mabakuli ya Uchina. Kaole na Kunduchi waweza kuona vishimo vya mviringo vilivyobaki. Mabakuli mengine yamehifadhiwa, mengine yalibanduliwa na watu wasiojulikana. Na bakuli la udongo halilii katika mashine. Waliobandua yale hawakuhitaji ditekta. Walihitaji patasi na usiku.

Makaburi ya Misioni ya Bagamoyo hayana utajiri zaidi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha Misioni hiyo mwaka 1868, wengi wao waliuawa na homa wangali vijana. Na pamoja nao walizikwa watu waliokombolewa utumwani, ambao wengine hawakujua hata kijiji walikozaliwa. Mtu kama huyo alizikwa na nini? Misumari ya jeneza, kama alipata jeneza. Pengine medali ndogo, au msalaba wa rozari. Minyororo ya watumwa imo katika makumbusho ya Misioni, kila mtu aweza kuitazama. Mashine ikilia juu ya kaburi la namna hiyo, huenda inaililia medali.

Lakini tusimshinde kijana kwa hoja ya faida peke yake. Tuseme kaburi moja lina dhahabu kweli. Je, sasa ni halali? Kijana atatuambia: "Maiti hali, havai, hasomeshi mtoto. Mimi nina mke na watoto. Mwenyewe amekufa, jamaa zake wamekwisha, na dhahabu inaoza bure. Namwibia nani?" Hii si hoja ya mjinga, wala haifai kuijibu kwa kumtisha mtu na mizimu, kama wafanyavyo wengine. Anayezuiwa na hofu ya mizimu atachimba siku atakapompata mganga wa kuiondoa.

Ni kweli, wafu hawana haja na fedha. Ni kweli pia kwamba mwenye njaa ya kufa aweza kuchukua mkate wa mwingine ili aishi. Walimu wa maadili wamefundisha hivyo tangu zamani. Lakini aliyepata fedha ya kukodi mashine na kumlipa dereva si mwenye njaa ya kufa, na kubahatisha shimoni si mkate. Hayo ni madogo. Kubwa ni hilo neno "hana mwenyewe."

Mtu akizikwa, wale wamzikao wanafanya jambo zaidi ya kufunika mwili. Wampa mahali, nao wawaomba wote watakaokuja baadaye wamwachie mahali hapo. Ni agano ambalo upande mmoja hauwezi kudai. Mdeni wa dukani hulipa kwa sababu mwenye duka atakuja mlangoni. Mfu haji mlangoni. Basi tukilishika agano hilo pale tu wajukuu wapo wakitutazama, hatumheshimu mfu, twawaogopa wajukuu. Tena hebu tuhesabu: ni nani kati yetu ajuaye kaburi la babu wa babu yake? Baada ya miaka mia hivi, karibu kila kaburi huwa halina mwenyewe. Kama kusahauliwa kunahalalisha kufukuliwa, hakuna aliyezikwa duniani. Wote tumeazimwa shimo kwa muda.

Ibrahimu alipofiwa na Sara alikuwa mgeni katika nchi ya Hebroni. Wenyeji walitaka kumpa mahali bure. Yeye hakukubali, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi, ili pango lile liwe kaburi bila shaka yo yote. Fedha ilitolewa kwa ajili ya kaburi, si kaburini.

Hata kwetu hatukosi mfano. Livingstone alipokufa mwaka 1873, katika nchi iitwayo leo Zambia, Susi na Chuma na wenzao wangaliweza kumfukia hapo wakaenda zao. Hapakuwa na ndugu yake wa kuwauliza. Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu muda wa miezi mingi, wengine wakafia njiani, hata wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874, ukalazwa katika Misioni kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Mzigo ule haukuwa na thamani sokoni. Walichokuwa nacho ni wajibu kwa mfu asiye wa ukoo wao.

Sasa tufike mahali pagumu. Mjini Bagamoyo, karibu na bahari, pana makaburi ya Wajerumani yapata ishirini, mengi ya watu waliokufa katika vita ya Abushiri ya miaka 1888 na 1889. Hawa hawakuja kwa wema. Mtu atauliza, "Hata hao tuwaheshimu, waliotunyonga?" Twajibu: hata hao. Wala hatusemi hivyo kwa sababu tumesahau. Wajerumani walichukua kutoka makaburi na mahali pa kunyongea watu katika nchi hizi mafuvu mengi mno. Huko Berlin yalihesabiwa zaidi ya elfu moja kutoka iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, mengi ya Rwanda, mengine ya Tanzania na Kenya. Mwaka 2023 watafiti wa huko walitangaza kwamba, kwa vipimo vya nasaba, wamewapata hapa Tanzania jamaa walio hai wa baadhi ya mafuvu hayo. Twataka yarudi, na ni haki yetu kutaka. Waliochukua walisema nao kwamba maiti hana haja na kichwa chake, na kwamba elimu ina haja nacho. Tutawakemea kwa kinywa gani, ikiwa sisi twafukua mifupa ya wenzao kutafuta rupia? Kosa lao halikuwa kwamba waliyafukua makaburi ya Waafrika. Lilikuwa kwamba waliyafukua makaburi ya watu.

Serikali yenyewe haikujipa ruhusa hiyo. Inapohitaji ardhi yenye makaburi kwa kazi ya umma, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 yaiagiza itoe ilani, jamaa wasikilizwe, na maiti azikwe tena kwa heshima. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba vitu vya kale pasipo kibali, wala haisemi kwamba mwenye mashine ameruhusiwa. Kanuni ya Adhabu nayo yamtia hatiani aingiaye makaburini kwa nia ya kuumiza mioyo ya watu, au ajuaye kwamba mioyo yaelekea kuumia. Mfukuaji atajitetea kwamba hakuwa na nia hiyo. Pengine ni kweli. Alikuwa na nia ya rupia tu. Lakini alichagua usiku, na achaguaye usiku anajua.

Hatusemi mashine ni kitu kiovu. Kwa mashine za jinsi hiyo watu wametegua mabomu yaliyofukiwa Msumbiji, na mama aliyepoteza pete yake mchangani atashukuru jirani akiwa nayo. Aitumie mtu mahali pa halali, kwa ruhusa ya mwenye ardhi na serikali ya kijiji. Penye kaburi au gofu aizime. Na mkulima ambaye jembe lake limegonga kitu cha kale asikitoe kwa pupa. Akifunike, aweke alama, atoe habari kwa watu wa Mambo ya Kale.

Kwa nini asikitoe? Kwa sababu kitu cha kale pasipo mahali pake ni bubu. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya nchi hiyo. Aliziweka tu. Mwaka 1979 akazipeleka zichunguzwe, na watu wakastaajabu: tano zilikuwa sarafu za shaba za Kilwa! Zilifikaje ng'ambo ile ya bahari? Hata leo hakuna ajuaye kwa hakika. Bahati njema alikuwa ametia alama kwenye ramani, ndiyo maana mwaka 2013 watu waliweza kurudi huko kutafuta. Sarafu za Kilwa zilizouzwa gizani na wafukuaji hazina hata alama hiyo moja.

Lakini tuwe wakweli: mkulima hatatoa habari ikiwa tuzo lake ni kupigwa maswali kituoni kama mwizi. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1996, aliyetafuta kwa ruhusa akatoa habari ya hazina aweza kulipwa, na mwenye shamba pia. Ingefaa wahusika wetu watafute namna ya kumshukuru mwenye uaminifu hadharani, mbele ya kijiji chake.

Labda makala haya yamfikia mtu ambaye amekwisha kuchukua kitu kaburini, na sasa kimo ndani ya sanduku lake. Asikirudishe usiku kwa kufukua mara ya pili, maana ataharibu zaidi. Asimuuzie mtu akidhani atagawa fedha kwa maskini. Kama ni bakuli, sarafu au ushanga, akipeleke kwa watu wa Mambo ya Kale pale Kaole, aseme alikitoa wapi, hata kama haya inamshika. Na akiogopa kwenda peke yake, amwombe paroko au shehe wake afuatane naye. Kama kaburi lina jamaa, awaendee kwanza. Na kama ni mfupa, auchukue kwa kitambaa safi, awaite wazee, uzikwe mchana.