Kadari na Tone la Damu

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge kwa njia ya pwani, ziwa Tanganyika likiwa kuumeni kwake na milima kushotoni, hufikiwa na harufu ya ndagala walioanikwa kabla hajaziona nyumba za Magara. Na hapo, katika kivuli cha michikichi, ndipo mzee mmoja wa heshima, mvuvi aliyekwisha kuuacha mtumbwi, aliponiuliza mja aliyeamini kwamba ajali yake imekwisha kuandikwa ana haja gani ya kumchoma mtoto wake kidole ili tone la damu likatazamwe katika hadubini.

Nilimjibu kwa kisa ambacho kila mtoto wa chuoni amekisikia, cha Sayyidna Umar, ambaye alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari kuwa tauni ya Amwas imekwisha kuingia huko, akaamuru watu warejee Madina. Na Abu Ubayda alipomlaumu kwamba anaikimbia kadari, akamfahamisha kuwa hata kurejea kwao kumo katika kadari ile ile. Mzee akacheka kidogo.

“Kisa hicho nakijua, mwanangu,” akasema, “lakini Umar aliambiwa maradhi kwa jina lake. Sisi hapa tuna homa tu.”

Sikuwa na jawabu la papo hapo, maana alikuwa amegusa penyewe. Neno homa ni pazia pana mno: nyuma yake hukaa malaria, kazi ya kimelea aletwaye na mbu, hukaa homa ya matumbo, kazi ya bakteria aingiaye kwa maji au chakula kilichochafuka, hukaa na mafua ya virusi, ambayo aghalabu huondoka yenyewe kama yalivyokuja. Dawa mseto humwua wa kwanza na wa pili isimguse. Antibiotiki humwua wa pili, bali kumpa mwenye mafua ni kutega wavu juu ya mchikichi, na tena ni kuwazoeza dawa bakteria wengine waliomo mwilini, hata siku itakapohitajiwa kwa kweli isifae kitu. Basi naona kwamba dhambi, ikiwa neno hilo si zito mno, haimo katika kutafuta bali katika kukisia. Kwani atoaye dawa pasipo kupima, hali ya kuwa aweza kupima, amedai elimu ya ghaibu, dai ambalo asingethubutu kulitamka msikitini.

Katika zahanati moja ya mwambao niliketi karibu na mpimaji akitandaza tone juu ya kioo, akaliacha likauke, akalitia rangi ya Giemsa, kisha akalipitia chini ya lenzi uga kwa uga, mia na zaidi, akitafuta kipete cha samawati chenye kidoa chekundu. Hakukiona. Mama wa mtoto, alipoambiwa kuwa hakuna wadudu, alighadhibika kana kwamba ameibiwa, akataka sindano, na tabibu, ambaye njia nyepesi kwake ilikuwa kumridhisha, akamchunguza mtoto upya, koo, masikio, kifua na tumbo, kisha akasema, “Mama, malaria siyo, na ni nini hasa bado sijui. Mnyonyeshe mara kwa mara, umrudishe kesho asubuhi. Akishindwa kunyonya, au akishikwa na degedege, usingoje kesho.” Fakihi akimalizia fatwa yake kwa Wallahu aalam twamwita mcha Mungu, tabibu akisema hivyo twamwita mjinga.

Yapo, hata hivyo, maradhi yasiyongoja hadubini. Kipindupindu, ambacho pwani hii imekizoea kwa masikitiko, chaweza kumwua mtu kwa saa chache, na mwenye kuharisha mfano wa maji yaliyooshewa mchele hunyweshwa maji ya chumvi na sukari palepale, kwa kuwa kinachoua ni ukavu. Choo chake kitapimwa baadaye.

Wala kukijua kijidudu peke yake hakutoshi. Wadachi walipopambana na malale katika mwambao huu, mwanzoni mwa karne iliyopita, watu walipapaswa shingo kutafutwa tezi zilizovimba, na kimelea kilionekana sawasawa. Lakini dawa ya zama hizo, Atoxyl, ilikuwa ya aseniki, na miongoni mwa walioitumia wapo waliopofuka. Aliyeitoroka sindano ile, mimi simlaumu.

Nilimrudia mzee wangu na habari ya yule mama. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mtoto alirudishwa. Nikamwambia kwamba alirudishwa asubuhi, mgongoni, macho mekundu, na vipele vya surua vimekwisha kutokeza nyuma ya masikio.

“Jina limekuja lenyewe, basi,” akasema, akaonekana kuridhika, nami sikumbishia. Tulikuwa tumekwisha kuagana aliponiita tena, akataka kujua wale watoto wengine, waliokaa benchi moja naye jana yake, ni wa nyumba zipi.