Pacha wa Pili Yuko Mikononi mwa Nani?

Mtoto akishatoka na kulia, mkunga mzoefu hana haraka ya kupiga vigelegele. Kwanza huweka kiganja juu ya tumbo la mama na kupapasa. Tumbo likiwa bado limejaa mpaka juu ya kitovu, anajua kazi haijaisha. Katika vijiji vya Litumbandyosi, wilayani Mbinga, kama kwingineko mkoani Ruvuma, kwa vizazi vingi kiganja cha bibi mzalishaji ndicho kilichogundua mapacha. Mwongozo wa leba wa siku hizi nao unataka hivyo hivyo: muuguzi asimchome mama sindano ya oksitosini ya kuzuia damu kabla ya kuhakikisha kwamba tumboni hakuna mtoto mwingine, kwa maana dawa hiyo hukaza mfuko wa uzazi na kumbana aliyebaki ndani.

Katika dakika hizo, kati ya mtoto wa kwanza na wa pili, limekaa swali zito la dini. Pacha wa pili akizaliwa mfu nyumbani, waombolezaji husema ni kazi ya Mungu. Mbinga ni nchi ya Wakatoliki wengi, na msibani hakuna anayethubutu kubisha. Faraja hiyo ina nafasi yake. Lakini je, neno lililo halali kinywani mwa mfiwa ni halali pia kinywani mwa jirani, kiongozi wa kijiji au paroko, ambao miezi mitatu kabla walijua kwamba mama yule amebeba wawili?

Hatari yenyewe haina siri. Wa kwanza akitoka, ndani nafasi huongezeka ghafla. Wa pili anaweza kugeuka akalala mkingamo, kitovu kikatangulia kutoka, au kondo likabanduka kabla ya wakati. Mfuko wa uzazi uliotanuka kwa ajili ya wawili unaweza kushindwa kujikaza, mama akatokwa na damu nyingi. Watafiti Christiaan Monden na Jeroen Smits walipokusanya takwimu za Afrika kusini mwa Sahara, walikuta kwamba katika kipindi cha 2009 hadi 2014, kati ya mapacha 1,000 waliozaliwa hai, 213 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Ni zaidi ya mmoja katika kila watano.

Maandiko nayo hayakumwacha mkunga akae mikono mitupu. Katika kitabu cha Mwanzo, Tamari anapojifungua mapacha, mtoto mmoja anatoa mkono nje, na mkunga anaufunga uzi mwekundu. Mkono unarudi ndani, na anayezaliwa kwanza ni Peresi. Zera, mwenye uzi, anafuata. Mama yuko katika uchungu, baba hayupo chumbani, na anayetunza ushahidi wa nani ni nani ni mwanamke huyo asiyetajwa hata jina. Katika Kutoka, Shifra na Pua wanaamriwa na Farao wawaue watoto wa kiume wa Waebrania; wanakataa. Sababu inayotolewa ni kwamba walimcha Mungu, na uchaji huo unaonekana katika walichokifanya mahali pa kuzalia.

Kanisa liliichukua heshima hiyo likaiandika katika sheria. Wamisionari Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898, wakaeneza misheni zao katika nchi ya Wangoni na Wamatengo; mwaka 1917 ikatolewa Sheria ya Kanisa. Kanuni yake ya 743 iliwaagiza maparoko wahakikishe kwamba waumini, hasa wakunga na matabibu, wanafundishwa namna sahihi ya kubatiza mtoto aliye hatarini kufa. Kanuni ya 748 ilikwenda mbali zaidi: likitokea shaka kama kiumbe kilichozaliwa ni mtu mmoja au zaidi, mmoja abatizwe moja kwa moja na wengine kwa masharti. Penye shaka, sheria ilipendelea kuhesabu wengi. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, bado inamruhusu mtu yeyote mwenye nia sahihi kubatiza panapokuwa na dharura, na mwaka 2007 tume ya kitaalimungu ya Vatikani iliwapa wazazi wa vichanga waliokufa bila ubatizo sababu za kutumaini wokovu wao.

Hapa ndipo hoja ya kazi ya Mungu inapokwama. Kanisa halikusema kwamba Mungu, akipenda, atajua mwenyewe la kufanya na roho ya kichanga. Lilitaka kila mkunga ajue kumwagia maji na kutamka maneno. Kama hofu ya kupoteza roho ilitosha kumfundisha bibi wa kijijini sakramenti, hofu ya kupoteza uhai haiwezi kukosa uzito wa kumfikisha mama hospitalini.

Waislamu nao wana hukumu zinazogusa hapo hapo. Kichanga akizaliwa akalia, hata akifa muda mfupi baadaye, amekwisha kuwa mrithi na anarithiwa. Mjamzito aliyeachwa au kufiwa na mume, ambaye eda yake huisha kwa kujifungua, hatoki edani kwa kuzaa pacha wa kwanza. Kwa wanazuoni wengi, ni mpaka wa mwisho atoke. Sheria nzima inasimama kumsubiri.

Tanzania imewahi kuishi na swali la mmoja au wawili kwa sura nyingine. Maria na Consolata Mwakikuti walizaliwa mwaka 1996 huko Makete wakiwa wameungana, wakalelewa na wamisionari wa Consolata, wakasoma hadi chuo kikuu mjini Iringa. Kila mmoja alikuwa na jina lake na maoni yake. Walifariki jioni moja, tarehe 2 Juni 2018, wakazikwa katika jeneza moja. Mwili mmoja haukuzuia taifa kulia wawili.

Kuhusu mapacha, mila nazo hazikuwa na sauti moja. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, miongoni mwa Wanyakyusa, mwanaanthropolojia Monica Wilson alikuta katika miaka ya 1930 kwamba uzazi wa mapacha uliogopwa sana: wazazi walitengwa, na ndugu wa karibu wakatibiwa kwa dawa pamoja nao. Buganda walifanya kinyume, wakampa baba cheo cha Ssalongo na mama cha Nnalongo. Usukumani mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata huitwa Shija. Woga na heshima vilikutana katika jambo moja: mapacha hawakuachiwa mama na bibi peke yao. Ukoo mzima uliingia katika shughuli, kwa ngoma, dawa au chakula.

Siku hizi mzigo umerudi kwa wanawake wawili ndani ya nyumba moja, na lawama zinawafuata humo humo. Kuna vijiji vinavyomtoza faini mama aliyejifungulia nyumbani. Faini haimuulizi masika ilikuwa imeifanyaje barabara, nauli ilikuwa shilingi ngapi, au alifokewaje leba mara ya mwisho. Serikali zenyewe zimeyumba. Baada ya mkutano wa uzazi salama wa Nairobi mwaka 1987, wakunga wa jadi walipewa mafunzo. Baadaye Shirika la Afya Duniani likasisitiza watoa huduma wenye taaluma. Ng'ambo ya ziwa, Malawi iliwapiga marufuku wakunga wa jadi mwaka 2007, kisha Rais Bingu wa Mutharika akaiondoa marufuku hiyo mwaka 2010. Tanzania imepiga hatua: wanaojifungulia katika vituo vya afya walikuwa asilimia 63 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, wakafika 81 mwaka 2022. Waliobaki si wakaidi tu. Wengi ni wa mbali.

Wala hospitali haimaanishi kisu. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba, pacha wa kwanza akiwa ametanguliza kichwa, upasuaji uliopangwa haukuwaletea watoto nafuu kuliko njia ya kawaida. Ila akina mama hao walizalia mahali penye watu na vifaa vya upasuaji wa dharura. Mwenye kutaka kuzaa kwa njia ya kawaida, bibi yake akiwa karibu, hana ugomvi na sayansi. Kinachomtenga na pacha wa pili ni umbali kati ya mkeka wake na chumba cha upasuaji cha Mbinga mjini au cha hospitali ya Litembo.

Umbali huo unaweza kupangiwa mapema. Kipimo cha ultrasaundi huwaona wawili miezi mingi kabla ya uchungu. Panapokuwa na nyumba ya kusubiria uzazi karibu na hospitali, mama anaweza kutangulia kabla tumbo halijashuka. Dharura ikitokea, mpango wa m-mama, uliotangazwa kuwa wa nchi nzima mwaka 2022, hupokea simu bila malipo kwa namba 115 na kumtuma dereva wa jirani pale gari la wagonjwa linapokosekana. Na bibi mwenye kiganja kinachojua tumbo ndiye mtu wa kwanza anayefaa kumshawishi mama aondoke, tena afuatane naye.

Linabaki suala la fedha na shamba, na hapo jumuiya ndogondogo za Kikristo zina la kujibu. Hukutana kila wiki, hujua mjamzito wa kila nyumba, na pakitokea msiba huchangishana rambirambi siku hiyo hiyo. Nauli ya mama mwenye mapacha katika mwezi wa nane, na zamu ya kupalilia mahindi yake wakati hayupo, vinaweza kuandikwa katika daftari lile lile la michango.