Maua Yaliyokauka na Riziki ya Ndege

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baadu. Ndugu zangu Waislamu wa pwani, nawaandikia kutoka Kilolo, katika milima ya Iringa, ninakosomesha watoto Kurani. Mwezi wa Juni baridi huku huingia mifupani. Kando ya ukuta wa chuo tulipanda alizeti kwa pambo tu. Ilipokauka, nami nikitazamia wageni wa khitma, naliwaamrisha wanafunzi waing'oe yote na kuichoma moto, kwa kuona aibu mgeni akute mabua mlangoni. Asubuhi yake chiriku wakaja kwa desturi yao, wakatua ukutani, wakageukageuka. Mtoto mmoja, naye hajatoka bado katika juzuu ya Amma, akaniuliza, "Maalim, tumewachomea chakula chao?" Sikuwa na jawabu.

Na hali miaka zaidi ya ishirini naisomesha hadithi ya Anas bin Malik, walioipokea Bukhari na Muslim, ya kuwa apandacho Mwislamu, kikaliwa na mtu au ndege au mnyama, huwa ni sadaka yake. Naliisoma kana kwamba ndege ametiwa humo kwa kupamba maneno!

Ua likiwa bichi, chozi hulifyonza utamu wake. Rangi ikipukutika twadhani kazi yake imekwisha, kumbe ndipo mbegu zikomaapo. Na mbegu ya alizeti ina mafuta mengi, yamfaayo ndege siku za baridi. Bua likiachwa limesimama, kichwa hukaa juu, mbali na unyevu wa ardhi. Nanyi huko mnayo mirehani uani, nayo huzaa mbegu ikiachwa.

Mwakijua kisa cha wenye bustani katika Suratul Qalam, walioapa kuvuna mapema asubuhi ili maskini asiwaingilie, wakaikuta imeteketea. Mimi sikukusudia kumnyima mtu. Lakini wao bustani yao iliteketezwa usiku wamelala, na mimi moto naliutia mchana, kwa amri yangu.

Wala mtu asivuke mpaka. Katika madhehebu yetu ya Shafi alizeti haina zaka, kwani si katika vyakula vya kutegemewa. Basi kuwaachia ndege ni hiari. Mali ya yatima haiachwi, kwani msimamizi hana ruhusa ya kuitoa sadaka. Na Imam Nawawi katika Minhaj amesahihisha kuwa ni haramu mtu kutoa sadaka kile anachokihitaji kwa kuwalisha walio juu yake. Mwenye mtama aliyeshukiwa na kweleakwelea, na awafukuze, wala hana lawama. Maneno yangu ni juu ya maua ya pambo, ambayo tukiyang'oa hatupati kitu ila macho ya wageni.

Mwaka uliofuata tuliacha safu nzima. Mgeni mmoja, mtu mzima wa kuheshimiwa, akasema chuo kimekuwa kama gofu. Nikamwitia yule mtoto amweleze, kisha nikanyamaza, na chiriku walikuwa juu ya vichwa wakipukusa maganda hata kwenye kilemba chake.

Wallahu aalam.