Kanzu ya Kuazima

Alec Guinness alizaliwa London tarehe 2 Aprili 1914, na kwenye cheti chake cha kuzaliwa nafasi ya jina la baba iliachwa wazi. Maisha yake yote hakulijua kwa hakika. Alikulia katika hali ya kuhamahama na mama yake, akaajiriwa kwenye kampuni ya matangazo ya biashara, kisha akaelekea jukwaani, ambako John Gielgud, gwiji wa tamthilia za Shakespeare, alimpa nafasi katika Hamlet mwaka 1934. Wenye kupenda filamu wanajua yaliyofuata. Mwaka 1949, katika Kind Hearts and Coronets, aliigiza watu wanane wa ukoo mmoja, akiwamo bibi mmoja, na kila mmoja ana mwendo wake na sauti yake. Alikuwa na kipaji cha kupotelea ndani ya mtu mwingine.

Lakini wiki hii nataka tusimame kwenye jioni moja tu, huko Burgundy, nchini Ufaransa.

Walikuwa wanapiga filamu ya Father Brown, iliyotoka mwaka 1954, na yeye ndiye padre wa hadithi. Mkatoliki hakuwa. Alikuwa amepata kipaimara katika Kanisa la Kianglikana, na mapadre wetu aliwatazama kwa mashaka, kama Waingereza wengi wa rika lake. Kisa hiki amekisimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake, Blessings in Disguise, zilizotoka mwaka 1985. Giza linaingia. Ameambiwa hahitajiki kwa saa kadhaa, naye anarudi alikofikia, bado amevaa kanzu nyeusi ya kuigizia. Mara anasikia nyuma yake vishindo vya miguu midogo inayokimbia. Mvulana wa miaka saba au minane anamdaka mkono, anaukamata barabara, anaubembeza huku na huku, anaongea mfululizo, akimwita baba, kama Wafaransa wanavyowaita mapadre wao. Guinness hakuthubutu kujibu, maana Kifaransa chake kilikuwa kibovu na aliogopa kumshtua mtoto. Wakatembea hivyo, mmoja anapiga soga, mwingine kanyamaza. Kisha mtoto akaaga, akainamisha kichwa upesi, akapenya kwenye tundu la ua wa miti na kutoweka.

Mtu ambaye hakuwa na wa kumwita baba akaitwa baba, kwa sababu ya nguo aliyokuwa ameazima.

Nikisoma kisa hiki namkumbuka Yakobo katika Kitabu cha Mwanzo, amevaa mavazi ya Esau na ngozi za mbuzi mikononi, na mzee Isaka aliyepofuka anampapasa. Hapo pia mkono ulishikwa na nguo ikaaminiwa. Ila Yakobo alivaa ili apate, na alipopata ikambidi akimbie. Guinness alivaa kwa sababu ndiyo kazi iliyompa mkate, akapewa kitu ambacho hakukiomba, na kile kitu hakikumwacha. Katika miaka hiyohiyo mwanawe wa pekee, Matthew, aliugua polio akiwa na umri wa miaka 11. Baba akawa anapita kanisani kila akitoka kazini, akamwahidi Mungu kwamba mtoto akipona hatamzuia akitaka kuwa Mkatoliki. Mtoto akapona. Mwaka 1956 Guinness mwenyewe akapokewa katika Kanisa, na mwaka uliofuata mkewe Merula naye akapokewa, mumewe akiwa mbali, huko Ceylon, akitengeneza filamu. Anasimulia pia alasiri moja akitembea katika barabara ya Kingsway, London: msukumo ulimjia ghafla, akaanza kukimbia, mtu mzima na mashuhuri, mpaka kwenye kanisa dogo la pale, akapiga magoti akihema. Naupenda ukurasa huo kuliko tuzo zake zote.

Sasa nifike kwenye neno gumu. Guinness aliichukua imani ya yule mtoto kama ushahidi. Alijiambia kwamba Kanisa ambalo padre wake anaaminiwa hivi, hata asipofahamika, haliwezi kuwa la hila kama alivyokuwa ameaminishwa. Nampenda mtu huyu, lakini hapo siwezi kumfuata. Oktoba 2021 tume huru iliyoongozwa na Jean-Marc Sauvé, katika nchi ileile ya Ufaransa, ilikadiria kuwa watoto wapatao 216,000 walinajisiwa au kudhulumiwa kingono na mapadre, mashemasi na watawa tangu mwaka 1950. Hesabu hiyo inaanza miaka michache tu kabla ya jioni ile. Mwigizaji aliyevaa kanzu ya uongo aliutunza mkono aliopewa. Waliovaa kanzu ya kweli, waliopakwa mafuta na kuwekewa mikono, wengine hawakuutunza. Kwa hiyo mtoto anapotukimbilia na kutuamkia, hathibitishi kwamba sisi mapadre ni wema. Anatukopesha, na deni ni letu.

Na waliojua wakanyamaza? Hapa filamu ile ya Ceylon inanisaidia. The Bridge on the River Kwai ilimpatia Guinness Oscar ya mwigizaji bora. Anaigiza kanali wa Kiingereza aliyetekwa na Wajapani, anayeamriwa kujenga daraja la reli kwa ajili ya jeshi la adui. Ni mtu wa heshima, mpenda nidhamu na kazi safi. Basi analijenga vizuri mno, analipenda, na siku askari wenzake wanapokuja kulilipua anataka kulilinda. Mwishoni kabisa ndipo anapotambua alichokifanya. Maaskofu na wakuu wengi walikuwa hivyo: watu wa heshima, waliolinda jina la Kanisa kwa bidii mpaka wakasahau jina hilo ni la nani, na wakamhamisha mkosaji parokia nyingine wakidhani wanajenga.

Ndiyo maana Jumamosi hii nimewaita makatekista, walezi wa Utoto Mtakatifu, wasimamizi wa watumishi wa altareni na wazazi. Ajenda ni moja: mtoto akiwa na neno linalomuumiza, juu ya mtu yeyote, hata juu yangu, anamwendea nani, na huyo aliyeambiwa afanye nini siku hiyohiyo. Tutachagua mama mmoja na baba mmoja wasio wafanyakazi wa parokia. Majina yao na namba ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi yatabandikwa kwenye mlango wa sakristia, na mlango huo hautafungwa tena mtoto akiwa ndani na mtu mzima mmoja. Tunaanza saa nne asubuhi ukumbini. Watoto waliokwisha kupokea Komunyo ya kwanza waje nao, kwani wao ndio watakaoanza kuzungumza.