Kompyuta ni yangu, kazi ni ya watu

NI zaidi ya miaka ishirini sasa naishi kwa kazi ya kukata na kuunga picha za video. Nilianza na kanda, nikaingia kwenye DVD, na leo watu wanataka kazi yao kwenye flashi au moja kwa moja kwenye simu. Nimehariri harusi, mihadhara, maulidi na mahafali ya madrasa. Kwa hiyo ninapouliza ni lini fundi wa video ahamie toleo jipya la programu yake, siulizi kama mtaalamu wa kompyuta. Nauliza kama mtu aliyewahi kulijibu vibaya swali hilo, na gharama ya jibu lake ikawaangukia wengine.

Wapo watakaosema hilo ni suala la ufundi tu, halihusiani na haki wala dhulma. Nami nilidhani hivyo hivyo hadi mwaka 2014.

Mwaka huo madrasa moja hapa Dar es Salaam ilinipa kazi ya filamu fupi ya kuchangisha fedha za kujenga darasa. Walimu wanazungumza, watoto wanasoma, na chini ya picha zinapita aya kwa Kiarabu pamoja na tafsiri yake. Kazi ilikuwa imefika pazuri, na ustadh wao alikwishaiona akaridhika. Siku nne kabla ya hafla nikaweka toleo jipya la programu. Kwa nini? Nikisema kweli, hakukuwa na kitu hata kimoja katika kazi ile kilichohitaji toleo hilo. Kijana mmoja wa mtaa wa pili alikuwa nalo, na wateja walikuwa wameanza kumtaja. Basi, ni hilo tu.

Programu ikanionya kwamba kazi hii itabadilishwa ifuate toleo jipya, na ikishabadilishwa haitafunguka tena katika lile la zamani. Nikabofya ndiyo. Nikatazama mwanzo, nikatazama mwisho, picha safi, sauti safi. Nikachoma DVD 200.

Usiku ustadh akanipigia simu. Baada ya salamu akasema, "Mwanangu, hebu itazame dakika ya kumi na nne." Nikaitazama. Herufi zilikuwa zimeachana. Anayesoma Kiarabu anajua kwamba herufi zake hushikana, hubadili umbo kulingana na mahali zilipo katika neno, na husomwa kutoka kulia. Programu nyingi za video zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya herufi za Kilatini, na Kiarabu huhitaji mpangilio wake uwashwe. Toleo jipya lilikuwa limerudisha mipangilio yangu yote kama ilivyotoka kiwandani. Aya zote zikawa herufi moja moja, tena zikianzia kushoto. Hayakuwa maneno tena.

Ustadh hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu: "Juzi uliponionyesha ilikuwa sawa. Umeifanya nini?" Sikuwa na jibu ambalo ningeweza kulitamka mbele ya mtu mzima.

Nilirudia maandishi yote na kuchoma DVD upya kwa fedha yangu. Sikulala siku mbili, na kijana wangu wa kazi hakulala pia, ingawa yeye hakubofya chochote. Lakini DVD kadhaa zilikuwa zimekwishagawiwa kwa wafadhili. Hizo sikuzipata zote, na mpaka leo nikikumbuka kwamba ziko katika nyumba za watu moyo haunitulii.

Tangu hapo nimekuwa nikiligeuza swali. Zamani nilikuwa nikiuliza kama toleo jipya ni bora kuliko la zamani. Kwa kawaida ni bora, na jibu hilo halinisaidii kitu. Sasa najiuliza, nikikosea atalipa nani? Fedha ya programu ni yangu, na kompyuta ni yangu. Lakini kazi iliyo mezani ni amana, na mwenyewe hakunipa ruhusa ya kuifanyia majaribio. Mafundi wazoefu duniani kote wana kawaida ya kutobadili toleo katikati ya kazi. Humaliza kwanza, hutunza nakala, hujaribu toleo jipya kwenye nakala hiyo, tena baada ya marekebisho ya mwanzo kutolewa. Wengi huona hiyo ni tahadhari ya kiufundi. Mimi naona ni haki ya mteja.

Hata hivyo sikubaliani na wenzangu wanaotoka hapo wakasema basi tubaki na cha zamani. Mwaka 2011 kampuni ya Apple ilitoa Final Cut Pro X, programu iliyoandikwa upya kabisa. Kazi zilizofanywa kwenye Final Cut Pro 7 hazikufunguka ndani yake, na uhariri wa kamera nyingi, ambao kwetu sisi wa harusi na mihadhara ndio uhai wenyewe, haukuwamo hadi Januari 2012. Waliokataa kuhama siku zile walikuwa na haki. Lakini ile namba 7 nayo haikuendelezwa tena, na mwaka 2019 mfumo mpya wa kompyuta za Mac ukaacha kuendesha programu zote za kizazi chake. Fundi aliyekuwa ametunza kazi za wateja katika umbo hilo pekee, na kompyuta yake ya zamani ikafa, alibaki na sanduku lisilo na ufunguo. Kusubiri kulikuwa busara mwaka 2011. Miaka minane baadaye kulikuwa uzembe, kwa watu wale wale na amana ile ile.

Kisha kuna suala la fedha, nalo lina mitego yake. Mei 2013 Adobe walitangaza kwamba hawataendelea na matoleo ya kununua mara moja. Anayetaka jipya alipie kila mwezi. Kwa fundi wa mjini ambaye mwezi wa Ramadhani hana harusi hata moja, ada ya mwezi haisubiri Idd. Nimeona studio ambayo ada ililipwa na mshahara wa kijana ukacheleweshwa. Nimeona mtu akikopa ili apate uwezo wa 4K, ilhali wateja wake wanatazama harusi kwenye simu. Kama huo si israfu, basi sijui israfu ni nini.

Wengine hukimbilia nakala za wizi. Siwezi kuwanyooshea kidole kwa kiburi, nami nilizitumia miaka mingi. Hoja yetu ilikuwa kwamba kampuni ni tajiri na sisi ni masikini. Lakini sisi hao hao ndio tuliokuwa tukipiga kelele tukikuta mihadhara tuliyoirekodi imenakiliwa na inauzwa barabarani. Tena leo ile kauli ya "hakuna njia" imepungua nguvu, maana DaVinci Resolve ya Blackmagic Design ina toleo la bure ambalo kwa harusi na mhadhara linatosha. Sisemi ni rahisi. Inataka kompyuta yenye nguvu, na mkono uliozoea programu moja miaka kumi huchukua muda kujifunza nyingine. Mimi mwenyewe nilihama polepole, nikianza na kazi za nyumbani kwangu ambazo zikiharibika nitalia peke yangu.

Ninapoandika haya, kwenye kioo cha kompyuta kuna ujumbe kwamba toleo jipya liko tayari. Mezani kuna harusi mbili na mahafali ya madrasa. Kijana wangu ameniuliza, "Kaka, niliweke usiku huu?" Nimemwambia asubiri hadi wenyewe wachukue flashi zao. Akanitazama kama anayemtazama mzee wa mambo ya kale, kisha akarudi kwenye kiti chake. Nikamwomba aipitishe video ya mahafali tangu mwanzo hadi mwisho, na kila aya inapotokea aisome kwa sauti.